Kamera ikae upande wa nani? Kushuti sini ya watu wawili uani

Tuanze na kodi ya chumba, maana aliyewahi kupanga hahitaji kuelezwa. Shabani ni fundi cherehani, amepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya Bi Mwanaidi, Tanga mjini. Kodi imepitiliza miezi miwili. Asubuhi anatoka bafuni na ndoo mkononi, na ili arudi chumbani lazima apite uani, ambako Bi Mwanaidi amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Wanasalimiana, wanajuliana hali, na deni halitajwi mpaka Shabani anapoinuka kuondoka. Dakika mbili, basi. Hakuna anayepigwa kofi, hakuna anayezimia.

Sini hii, yaani kipande cha filamu kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja, nimeibuni kwa ajili ya vijana wanaokuja kujifunza kwangu. Mkate wangu unatoka kwenye video za harusi na sendofu. Filamu fupi nafanya kwa mapenzi. Wengi wanakuja na skripti zenye bastola, majini na ajali za magari, na swali lao la kwanza ni wanunue kamera gani. Bastola haimpi mwongozaji kazi, inajieleza yenyewe. Watu wawili wanaoulizana "umeamkaje" huku wote wakiwaza deni, hao ndio watakaokuonyesha kama unaweza kusimulia kwa picha. Simu iliyo mfukoni mwako inatosha.

Karatasi kwanza

Andika majibu ya maswali matatu: nani anataka nini, nani ana nguvu, na nani anajua jambo ambalo mwenzake hajui. Shabani anataka apite salama. Nguvu anazo Bi Mwanaidi. Utamu uko kwenye swali la tatu. Shabani ameuza cherehani chake na hajamwambia mtu. Lakini pale barazani kilipokuwa kikikaa zimebaki alama nne za miguu ya chuma, zimechimbika kwenye saruji kwa miaka ya kushona, na Bi Mwanaidi hufagia baraza lake kila alfajiri. Kwa hiyo anajua. Shabani hajui kwamba bibi anajua.

Maneno yenyewe ni haya:

"Shikamoo bibi."
"Marahaba. Umeamkaje?"
"Salama. Nawahi mjini mara moja."
"Haya. Kazi zinaendaje?"
"Zinaenda hivyo hivyo tu, bibi."
"Haya."

Shabani anainuka.

"Shabani. Na lile letu?"

Kamera popote utakapoiweka imeshachukua upande wa mtu, uwe umekusudia au hukukusudia. Bila ile karatasi utaiweka palipo na nafasi, na mtazamaji ataona watu wawili wanaongea uani. Nukta.

Kimo cha kamera

Vitabu vinafundisha kwamba kamera ikimtazama mtu kutoka chini, anaonekana mkubwa. Ikimtazama kutoka juu, anaonekana mnyonge. Mara nyingi ni kweli. Sasa ilete kanuni hiyo uani kwetu. Bi Mwanaidi yuko kwenye kigoda, karibu na ardhi, na Shabani amesimama. Ukishuti kutoka usawa wa macho ya Shabani utamtazama bibi kwa juu, na kwa mujibu wa kitabu yeye ndiye mnyonge. Lakini mtu yeyote aliyelelewa kwenye nyumba ya namna hii anajua kwamba anayebaki amekaa ndiye mwenye mji. Mdogo ndiye anayeinama.

Basi ishushe kamera. Chukua ndoo ya lita 20, ipindue, weka tofali juu yake, na uegemeze simu hapo. Inatakiwa iwe usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye kigoda, chini ya mita moja kutoka ardhini. Usiielekeze juu, itazame mbele kama bibi mwenyewe anavyotazama. Bi Mwanaidi awe kushoto mwa fremu, yaani eneo linaloonekana kwenye picha, amejaa. Kulia acha wazi.

Shabani akiingia pale wazi, utaona nini? Malapa yenye maji, pindo la kikoi, ndoo inayoning'inia. Kichwa hakimo. "Shikamoo bibi" inasemwa na miguu. Bibi anaitikia marahaba bila kuinua uso, na Shabani, kwa kuwa ana adabu, anashusha ndoo na kuchuchumaa. Hapo ndipo uso wake unaingia kwenye fremu kwa mara ya kwanza. Wanaongea. Anainuka, uso unatoka tena, tumebaki na malapa, na unadhani amenusurika. "Shabani. Na lile letu?" Miguu inasimama. Ndoo inarudi chini. Uso unashuka tena.

Hujakata hata mara moja, hujaweka muziki, na mtazamaji ameshajua nyumba hii ni ya nani. Ukiweza kuishuti sini nzima kwa shoti hii moja, yaani picha moja isiyokatwa, ishuti, hata kama mwisho utatumia vipande tu. Ndiyo shoti mama yako, ile ya msingi ambayo zingine zinajengwa juu yake.

Karibu, mbali, na mstari

Ukubwa wa shoti una majina mengi lakini kwa kuanzia matatu yanatosha: pana, ya kati, ya karibu. Shoti pana inamweka mtu mahali pake. Nyumba ya Kiswahili inakupa moja ya bure: simama ndani ya korido, vyumba kulia na kushoto, mlango wa nyuma uko mbele yako unang'aa kwa mwanga wa uani. Weka kigoda cha bibi karibu na mlango huo, kiasi kwamba hapiti mtu bila kumpita yeye. Kutoka gizani mwa korido tunamwona Shabani kule mwisho, mdogo, amezungukwa na fremu ya mlango kana kwamba ua umemkamata. Shoti hiyo haitaki maneno. Sekunde nne au tano zinatosha.

Ya kati ni ya mazungumzo, nayo haina siri kubwa.

Ya karibu ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Tunaipenda mno: mtu akisema "shikamoo", karibu, akisema "marahaba", karibu. Ukifika kwenye neno lenye uzito huna tena pa kwenda, umeshamaliza akiba. Kwenye sini hii mimi natoa ruhusa ya shoti moja tu ya karibu, kwenye swali la "kazi zinaendaje", na hapo lazima uchague. Ukienda kwenye uso wa Shabani, mtazamaji atajua kwamba kuna kitu anaficha. Ukienda kwenye ungo, vidole vya bibi vinatoa chuya na vijiwe, vinatoa, vinatoa, halafu vinasimama akisubiri jibu, mtazamaji atajua kwamba bibi ana habari zote. Swali ni lile lile, tofauti ni upande uliokaa. Mimi nachukua vidole. Mwenzangu ninayefanya naye kazi anachukua uso, na tumeshabishana mpaka chai ikapoa.

Sasa mstari. Fikiria kamba imefungwa kutoka pua ya Bi Mwanaidi hadi pua ya Shabani. Kamera ibaki upande mmoja wa kamba hiyo muda wote. Ukibaki upande mmoja, bibi anatazama kulia na Shabani anatazama kushoto, na hata ukiwaonyesha mmoja mmoja tunaelewa wanatazamana. Ukiruka kamba, wote wawili wataonekana wanatazama upande ule ule, kama abiria kwenye basi, na mtazamaji ataanza kumtafuta mtu wa tatu. Wanafunzi wangu wanachora mstari kwa chaki sakafuni, na mabegi yote, maji na chaja vinawekwa upande wa kamera ili mtu asijisahau akavuka. Kwenye ukumbi wa harusi nafanya hivyo hivyo: nachagua upande mmoja wa jukwaa la maharusi na nabaki nao.

Ukaribu wa kamera na kamba hiyo nao unasema kitu. Ikiwa imeegemea kamba, karibu na bega la Bi Mwanaidi, uso wa Shabani unatuelekea na tunabanwa naye. Ikikaa mbali na kamba, ikiwaona wote kwa ubavu, tunakuwa jirani anayechungulia. Anza ubavuni wakati wa salamu, kisha baada ya "na lile letu" isogeze ikaribie kamba. Mtazamaji hatajua umefanya nini ila ataacha kuegemea kiti.

Kuhusu kamera inayotembea sina mengi. Isogee pale jambo linapobadilika, na sini hii inabadilika mara moja tu. Droni uiache ilale.

Mwanga wa uani

Shuti kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, wakati jua linaingia kwa upande. Jua la saa sita liko utosini: macho yanageuka mashimo, pua inaangusha kivuli mdomoni, na Bi Mwanaidi anaonekana mkali bila kuwa na kosa. Kama huna budi kushuti mchana, wapeleke wote kwenye kivuli cha ukuta na umweke mtu ashike shuka jeupe upande wa pili kurudisha mwanga usoni. Bati jipya pia linarudisha mwanga, lakini kwa ukali, watu wanakunja macho.

Ukuta wa chokaa nyeupe ni adui wa simu. Simu inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga wa picha nzima, na uso mweusi ulio mbele ya ukuta unazama. Gusa uso kwenye kioo, shikilia kidole mpaka simu ifunge kipimo, halafu ukuta ukiungua kidogo, yaani ukiwa mweupe kupita kiasi, uache uungue. Tatizo hili lina historia. Kodak walikuwa wakisambaza kwa maabara za picha kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke mzungu, wakaiita Shirley, na ngozi zetu zilipimwa kwa ngozi yake. Simu za leo ni nafuu, lakini usiiachie mashine iamue uso wa mtu wako. Na ngozi nyeusi haihitaji kumwagiwa mwanga mwingi. Inahitaji mwanga wa ubavuni ung'arishe shavu na paji la uso. Mafuta kidogo ya nazi yanafanya kazi kuliko taa ya pili.

Jambo moja la kiufundi kwenye korido. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona, na utapata michirizi inayopanda na kushuka kwenye picha. Kama programu ya kamera inakuruhusu kupanga mwenyewe, weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata 1/50, yaani kila picha ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Simu ikikataa, zima taa na utumie mwanga wa mlangoni. Ndio mzuri zaidi hata hivyo.

Kinachosikika bila kuonekana

Bodaboda, kuku, jirani anayepiga redio, adhana: uani hakuna ukimya, na ukiusubiri utashinda hapo. Maiki ya simu inayopiga picha iko mbali mno, kwa hiyo weka simu ya pili inarekodi sauti tu. Ifiche chini ya kanga pembeni ya ungo, karibu na bibi, ambapo Shabani naye atachuchumaa. Kila mnapoanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Kwenye kuhariri utalinganisha mlio wa kofi na picha ya mikono inayogongana, na sauti na picha zitakaa pamoja. Mkimaliza, wote wanyamaze na urekodi nusu dakika ya ua ukiwa mtupu. Utaihitaji kuziba mapengo, vinginevyo kila unapokata ndege watanyamaza ghafla.

Halafu ongeza sauti ambayo haikuwapo. Nyumba ya jirani, upande wa pili wa ukuta, kuna mtu anashona. Cherehani kinaunguruma kidogo, kinasimama, kinaunguruma. Kiweke chini sana mwanzoni. Bi Mwanaidi akiuliza "kazi zinaendaje", kisikike vizuri zaidi. Shabani akijibu, kinyamaze. Mtazamaji asiyejua chochote kuhusu alama nne atasikia mtaa tu. Anayejua atasikia aibu. Ndiyo sababu napigana na ile tabia ya kumwaga muziki wa huzuni toka salamu hadi kwaheri. Muziki ungekizika cherehani hicho, na kazi yote ya kumfanya mtu ahisi ingebebwa na kinanda, waigizaji wakabaki wanapepesa midomo.

Mezani: kuhariri

Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, aliyefundisha filamu Moscow katika miaka iliyofuata mapinduzi ya 1917, alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine ukiwa hauonyeshi chochote, akauunganisha mara na bakuli la supu, mara na maiti ndani ya jeneza. Mwanafunzi wake Vsevolod Pudovkin anasimulia kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: pale amezama kwenye mawazo mbele ya supu, hapa ana majonzi. Uso ulikuwa ule ule.

Jaribu mwenyewe kabla ya kuhariri sini yako, ni zoezi la jioni moja. Mweke Shabani atazame pembeni kidogo ya kamera sekunde kumi, na umwambie asiigize kabisa, ahesabu matofali ya ukuta. Unganisha uso huo na alama nne za barazani: anajuta. Unganisha na ungo wa mchele: hajala tangu jana. Unganisha na mlango wa korido: anatafuta pa kupenyea. Baada ya hapo hutamwambia tena mwigizaji "onyesha huzuni". Waigizaji wetu wengi wametoka jukwaani na kwenye vichekesho, wanajua kufikisha hisia hadi kiti cha nyuma, na kwenye shoti ya karibu hiyo inakuwa kelele. Mpunguzie mzigo, muunganiko utaubeba.

Sasa swali kubwa la mezani: alama nne zionekane lini? Nimewahi kuwapa wanafunzi picha zile zile wazihariri kwa namna mbili. Namna ya kwanza, sini inaanza barazani alfajiri. Ufagio unapita, unafika kwenye alama, unasita, unaendelea. Hatuoni uso wa anayefagia, tunaona kanga tu. Halafu tunaingia uani, na bibi anayechambua mchele amevaa kanga ile ile. Kuanzia hapo kila neno lina makali. "Kazi zinaendaje?" ni mtego, nasi tunamwangalia Shabani akiuendea. Namna ya pili, tunaanza uani bila kujua lolote. Mazungumzo yanaonekana ya kawaida, na akiulizwa "na lile letu" Shabani anaahidi kwamba ana nguo za mteja anazimalizia, ijumaa atalipa. Bibi anasema haya. Halafu kata, barazani, alama nne na ufagio. Sasa tunarudi nyuma kichwani mwetu na kugundua kwamba bibi alijua, akamwacha adanganye.

Ya kwanza inatuweka upande wa bibi na kutupa wasiwasi. Ya pili inatuweka upande wa Shabani, kisha inatupokonya. Darasa langu hugawanyika, na vijana wengi huchukua ya pili kwa sababu wanapenda kushtua. Mimi nachukua ya kwanza. Kushtuka kunakwisha kwa sekunde moja. Wasiwasi unadumu sini nzima, na mtu akiiangalia mara ya pili bado upo.

Kwenye kukata kwenyewe, mambo mawili yatakusaidia zaidi ya mengine. Kata katikati ya kitendo. Shabani anaposhusha ndoo, ianze kushuka kwenye shoti ya malapa na imalizie kushuka kwenye shoti ya kati. Jicho linafuata ndoo na halioni mkato. Ili uweze, lazima ndoo ishushwe kwa mkono ule ule na kwenye neno lile lile kila mnaporudia, kwa hiyo mtu mmoja kazi yake iwe kuandika hayo. La pili, acha sauti itangulie picha. "Shabani" ya bibi isikike tukiwa bado tunatazama malapa yanayoondoka, ndipo baadaye tumwone aliyesema. Ukikata kwa bibi kwanza halafu ndio aseme, unatangaza kwamba kuna neno linakuja.

Na baada ya "kazi zinaendaje", usiharakishe. Ukimya pale unatakiwa uzidi kidogo ule ambao ungeuvumilia kwenye maisha. Mkono wako utataka kukata mapema, kwa sababu umeisikia sini mara nyingi na jibu unalijua. Mtazamaji halijui.

Ukimaliza, zima sauti kabisa na umwonyeshe mtu ambaye hakuwepo, mama yako au fundi simu wa jirani. Muulize nani anamdai nani. Akikosa, kimo cha kamera hakijafanya kazi. Rudia shoti ya malapa, na hakikisha Shabani anachuchumaa kweli, asiiname nusu nusu kama mtu anayetafuta ufunguo. Kisha muulize kama bibi anajua. Akisema hana hakika, tatizo liko kwenye vidole, vimesimama mapema mno au havikusimama kabisa. Hiyo unairudia kwa dakika tano: ungo, mkono na mwanga wa asubuhi. Ndiyo maana kwangu mchele wa sini haupikwi mpaka watu wawili watatu wameshaangalia.